Mahameli za hariri za Uajemi: Laila, Majnuni na Shirin ndani ya kitambaa (uzi mrefu)

Zari_na_Nili

Salaam wakuu. Kuna aina ya kitambaa ambayo nimeifuatilia kwa muda mrefu na humu jukwaani sijaiona ikizungumzwa, kwa hiyo nimeona nianzishe uzi. Ni mahameli za hariri zilizofumwa Uajemi (Iran ya leo) enzi za Wasafawi, ukoo wa wafalme waliotawala huko, karne ya 16 na ya 17, zenye watu ndani yake: wapenzi, wawindaji, wanawake kando ya bwawa, vijana wenye vikombe vya mvinyo. Picha haikutariziwa juu wala haikupigwa chapa. Imefumwa pamoja na kitambaa chenyewe, uzi kwa uzi.

Kwanza hadithi, maana bila hadithi kitambaa hiki kinabaki pambo tu.

Nizami wa Ganja, mji ambao leo uko Azerbaijan, alifariki mnamo 1209 akiwa ameacha tenzi tano zinazojulikana kwa pamoja kama Khamsa. Mbili kati yake ndizo zilizoingia sana katika vitambaa. Katika Khosrow na Shirin, mchoraji Shapur anatundika picha ya Khosrow, mwana wa mfalme, njiani anakopita Shirin. Shirin anapenda picha kabla ya kumwona mwenyewe, anapanda farasi na kumfuata. Njiani anasimama aoge kwenye chemchemi. Khosrow naye yuko safarini, anapita hapo hapo, anamwona. Hawajuani, na kila mmoja anaendelea na njia yake huku anayemtafuta akiwa nyuma yake. Baadaye anaingia Farhad, mchonga mawe, ambaye kwa ajili ya Shirin anapasua mlima Bisotun mpaka anapoletewa uongo kwamba Shirin amekufa.

Katika Laila na Majnuni, utenzi wa 1188, Kais, ndiye atakayeitwa Majnuni, anampenda Laila tangu wakiwa chuoni. Baba wa Laila anakataa, Laila anaozwa mwingine, na Kais anaacha watu, anaacha nguo, anakwenda kuishi nyikani na wanyama. Paa wanalala karibu naye na simba hamdhuru.

Hadithi hizi Mwajemi wa zama zile alizijua kama sisi tunavyozijua za Abunuwasi. Hakuhitaji kusimuliwa. Hilo lishikeni, ndilo shina la yote nitakayosema: mfumi hakuwa anasimulia hadithi, alikuwa anagusa kumbukumbu ya mtu ambaye tayari anayo. Kipandio juu ya ngamia na mwanamke ndani yake, mwanamume aliyekonda kati ya wanyama, basi, mtazamaji amekwisha kuanza kusoma beti kichwani. Farasi aliyesimama, mwanamke majini, kijana ameweka kidole mdomoni kwa mshangao: ni Khosrow.

Kitambaa maarufu kuliko vyote cha Laila na Majnuni kina saini. Kimefumwa na Ghiyath al-Din Ali, mtu wa Yazd, aliyefanya kazi zama za Shah Abbas wa Kwanza (alitawala hadi 1629). Chenyewe ni atlasi yenye nakshi, si mahameli, ila siwezi kumruka, kwa sababu Ghiyath alikuwa mfumi na pia mshairi. Fikirini maana yake. Mkono uliopanga nyuzi ulikuwa ukipanga pia vina, na jina lake aliliweka ndani ya picha, kama mshairi wa ghazali, shairi fupi la mapenzi la Kiajemi, anavyoliweka lake katika ubeti wa mwisho.

Naomba niishie hapa kwa sasa, nitarudi na upande wa ufundi, ndio utamu wenyewe.

Kombo_Fundi

Dada Zari, shukrani kwa uzi. Mimi ni fundi cherehani, mahameli naijua kwa mkasi tu. Nieleze hili: mahameli ina manyoya. Ukiweka rangi nyingi, kila rangi na uzi wake, kitambaa kitakuwa kinene kama mkeka. Hao walifanyaje watu wenye nguo za rangi tano sita, tena na uso na kilemba?

Zari_na_Nili

Kaka Kombo, umelenga penyewe.

Mahameli ina mitande miwili, yaani nyuzi za urefu zinazotandwa kwanza. Mmoja ni wa kitambaa cha chini, wa pili ni wa manyoya. Ule wa manyoya unapitishwa juu ya kijiti chembamba, unafungwa kwa mshindio (uzi unaopita upana), kisha kisu kinapita juu ya kijiti na kukata. Pale ulipokatwa ndipo manyoya yanaposimama. Kitanda cha kufumia kilikuwa na watu wawili au zaidi: mfumi chini, na msaidizi aliyeketi juu akivuta kamba zinazoamua uzi upi uinuke. Aliyezifunga kamba zile kufuata mchoro ndiye aliyeitwa *naqshband*, na ndilo jina la kazi alilojulikana nalo Ghiyath. Ukitaka kuelewa heshima ya kazi hiyo, waza kwamba kila mstari wa mchoro, kila pindo la kanzu, lazima ugeuzwe kwanza kuwa fundo la kamba.

Sasa rangi. Njia ya kawaida ni hiyo uliyosema, kila rangi na mtande wake, na ile isiyotumika inajificha nyuma. Wafumi wa Kisafawi walifanya jambo lingine. Rangi ikishamaliza kazi yake mahali fulani, waliukata uzi ule nyuma na kuunga mwingine wa rangi mpya katika nafasi ile ile. Kanzu ya bluu inaisha, uzi unakatwa, inaanza ya kijani. Kitambaa kinabaki chepesi na rangi zinakuwa nyingi. Ukigeuza mahameli hizo unaviona vikia vya nyuzi mahali zilipoungwa. Mtu alikaa akaunga hariri nyembamba namna ile, moja moja, upana mzima wa kitambaa, kila rangi ilipobadilika. Mimi kila nikifikiria hapo nasimama.

Faida ya pili: kamba za mchoro ni zile zile, kwa hiyo picha inajirudia sawasawa, ila rangi zinaweza kubadilika safu kwa safu. Mpenzi wa safu ya juu ana joho jekundu, wa safu ya chini ana la kijani. Ni yule yule na si yule yule.

Sehemu zisizo na manyoya zilijazwa zari: utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu, umezungushwa kwenye uzi wa hariri ya njano ili dhahabu iwe na joto. Ikitakiwa fedha yenyewe, uzi wa ndani ni mweupe. Kwa hiyo watu wa manyoya wanasimama juu ya uwanja unaong'aa. Manyoya yanakunywa mwanga, zari inaurudisha. Ukisogea hatua moja pembeni, picha yote inageuka.

Hariri ilitoka mikoa ya kaskazini kando ya Bahari ya Kaspi, hasa Gilan na Mazandaran. Kufuma kulifanyika Yazd, Kashan na Isfahan. Kashan ndiyo iliyosifika hasa kwa mahameli. Jean Chardin, Mfaransa aliyekaa Uajemi katika karne ya 17, aliandika kwamba vitambaa vya zari vya bei kubwa kabisa vilihitaji watu watano au sita kwa wakati mmoja na pisi 24 hadi 30 za kupitishia mshindio, wakati kitambaa cha kawaida kinatosha mbili.

Ustadh_Khamis

Assalaam alaykum. Uzi mzuri, binti yangu. Nina maswali mawili kwa nia njema. La kwanza, hao ni Waislamu, na hariri safi kwa wanaume katazo lake linajulikana. La pili, sura za watu. Ilikuwaje watawala wanaojinasibisha na dini wavae vitu hivi?

Zari_na_Nili

Wa alaykum salaam Ustadh. Maswali yako ni halali kabisa na waliyaishi wao wenyewe.

Katazo la hariri safi kwa wanaume lipo kwa Sunni na lipo kwa Shia. Ikulu ilivaa hata hivyo, kama ikulu nyingi zilivyofanya, na joho la hariri lilikuwa pia zawadi ya heshima ambayo mfalme alimvika mtu mbele ya watu. Kulikataa lilikuwa jambo zito. Lakini msuguano ulikuwepo. Shah Tahmasp, aliyetawala kuanzia 1524 hadi 1576, alipokuwa kijana alipenda mno uchoraji na alifadhili vitabu vya picha ambavyo havijapata kupitwa. Baadaye alitangaza toba hadharani, akaacha mvinyo, na hamu yake ya uchoraji ikapoa. Wachoraji wengine wakahamia kwa mabwana wengine, hata India.

Kuhusu sura, linganisha na majirani. Mahameli za Waosmani, yaani Waturuki, wa Bursa na Istanbul ni za maua: tulipu, mikarafuu, miezi midogo, na ni nzuri sana. Kwa kawaida watu hawamo. Waajemi waliweka watu kwa sababu ushairi wao ulikuwa umeshawajaza watu katika vitabu vya picha, na michoro ya vitabu na ya vitambaa ilitoka katika mazingira yale yale ya ikulu. Sisemi kwamba hilo linajibu hukumu, hilo nakuachia wewe mwenye elimu. Ninachosema ni kwamba walijua.

Ustadh_Khamis

Nimekuelewa. Jibu la adabu, Allah akuzidishie. Endelea.

Mtunzi_wa_Pangani

Dada, mimi ni mtu wa mashairi na hapa nina mgogoro na wewe. Umesema kitambaa "kinagusa kumbukumbu". Sawa. Lakini utenzi wa Nizami una maelfu ya beti. Shirin ana hasira, ana akili, anamkatalia mfalme, anajadiliana naye usiku kucha. Kitambaa kimemfanya mwanamke anayeoga, basi, tena mara mia. Huoni kwamba hapo shairi limeuawa? Wamechukua sehemu inayofurahisha macho ya wanaume wakaacha mengine.

Zari_na_Nili

Ndugu Mtunzi, umesema jambo zito na sehemu yake nakubali. Shirin wa Nizami ni mkubwa kuliko Shirin wa kitambaa. Ukitaka kumjua, usianzie kwenye kitambaa.

Ila kuhusu kurudia naona kinyume na wewe. Katika kitabu, tukio la chemchemi linatokea ukurasa mmoja, unafunua, linapita. Huko mbele watakutana, wataoana, Khosrow atauawa. Kitambaani hakuna huko mbele. Khosrow anamwona, Shirin hajui, kisha safu inayofuata Khosrow anamwona, Shirin hajui. Mara nyingi picha inageuzwa kama kwenye kioo, kwa hiyo safu moja wanatazama kulia na nyingine kushoto. Hawafiki kamwe. Hilo si kuua shairi. Mfumi amechukua kiini chake, yaani kupishana, akakifanya kisiwe na mwisho. Wewe mtunzi unajua kituo kinavyofanya kazi: maneno yale yale yanarudi, lakini kila yakirudi yamebeba ubeti uliopita. Ghazali ya Kiajemi inarudia neno moja mwisho wa kila ubeti kwa sababu hiyo hiyo. Mfumi alikuwa na kifaa kinachorudia kwa asili yake, akachagua tukio linalostahimili kurudiwa. Tazama ni matukio gani waliyachagua: kuonana kwa mbali, kutenganishwa, kumtembelea mpenzi nyikani na kumwacha huko. Harusi hawakuichagua.

Na Majnuni ndiye anayenishika zaidi. Mtu aliyevua nguo na kukonda hadi mifupa, aliyekataa kila kitu cha dunia, amefumwa kwa hariri na zari, kitambaa ambacho mtu wa kawaida asingeweza kununua hata kipande, na mtu wa ikulu akakivaa mabegani. Wengine watasema huo ni unafiki wa matajiri. Mimi nasoma tofauti. Kwa wasomaji wa Kisufi Majnuni alikuwa mfano wa roho iliyojisahau kwa anayempenda. Kumvaa yeye juu ya joho la fahari ni kukiri kwamba ndani ya fahari ile kuna mtu anayetamani kuvuliwa. Inawezekana wote hawakulifikiria hivyo. Ghiyath, mshairi, nina imani alilifikiria.

Mtunzi_wa_Pangani

Kuhusu kituo umenipata. Kuhusu Shirin bado nasimama nilipo, mwanamke aliyejibizana na mfalme hakupaswa kuachwa majini. Lakini hoja ya harusi kukosekana sikuwahi kuiwaza, nashukuru.

Bint_Mkunazini

Habari zenu. Mimi niko Muscat. Nyumba nyingi za wazee wetu, huku na Unguja, zilikuwa na mahameli ya ukutani: paa wanakunywa maji, simba, na ya kwetu ina mwanamke juu ya ngamia na mwanamume amekaa chini ya mti. Bibi alikuwa akisema ndio Laila na Majnuni. Je, yaweza kuwa katika hizo unazozitaja? Rangi bado zinawaka.

Zari_na_Nili

Bint Mkunazini, picha inaweza kuwa ya Laila kweli kama bibi alivyosema, hadithi ile haijawahi kuacha kutundikwa. Ila mahameli za ukutani zilizosambaa Ghuba na pwani yetu katika karne ya 20 kwa kawaida ni za kiwanda. Mashine hufuma vitambaa viwili vikitazamana, manyoya yakiwa yameviunganisha katikati, kisha kisu hukata katikati na kupata viwili kwa mkupuo. Geuza lako uangalie nyuma. Kama mgongo ni sawasawa kabisa, nyuzi za pamba au za plastiki, pindo la pembeni limeshonwa kwa cherehani na hakuna zari ya kuzungushwa kwenye uzi, basi ni la kiwanda. Na rangi kuwaka sana nayo ni dalili, kwa sababu mahameli za Kisafawi zilizobaki nyingi zimechakaa, manyoya yamelika na zari imesawijika.

Asikudanganye mtu atakayetaka kukuuzia "ya kale". Soko la hariri za Uajemi lina historia ya kughushi. Mwaka 1925 zilitokea hariri zilizosemwa kuwa za kale mno kutoka makaburi ya Rayy, karibu na Tehran. Makumbusho makubwa yalinunua vitambaa vya kundi hilo, na vipimo vya kaboni baadaye vikaonyesha kwamba vingi vilifumwa karne ya 20.

Bint_Mkunazini

Nimegeuza. Mgongo ni kama ulivyosema, wa kiwanda. Haidhuru, tutaendelea kulitundika.

Msafiri255

Zilizobaki za kweli ziko wapi? Na zilifikaje huko?

Zari_na_Nili

Zimetawanyika, na njia zake ni hadithi nyingine.

Iko mahameli ya katikati ya karne ya 16 ambayo vipande vyake viko makumbusho ya Metropolitan, New York, na Museum of Fine Arts, Boston. Ilikuwa sehemu ya hema. Inasimuliwa kwamba Waosmani waliiteka katika vita na Uajemi, wakaipoteza mbele ya Vienna mwaka 1683, ikaingia katika ukoo wa Sanguszko wa Poland. Vita, mkono kwa mkono.

Nyingine zilitoka kama zawadi. Mwaka 1603 wajumbe wa Shah Abbas walifika Venice mbele ya Doge (mtawala wa mji) Marino Grimani wakiwa na mahameli yenye sura ya Bibi Maryamu na mwanawe. Museo Correr ya Venice inayo mahameli ya namna hiyo. Wafumi walewale wa Laila walijua mpokeaji ni nani.

Lakini ujumbe ninaoupenda ni wa Holstein-Gottorp, dola ndogo ya Wajerumani wa kaskazini. Mtawala Friedrich wa Tatu alitaka hariri ya Uajemi ipite Urusi hadi kwake, akatuma wajumbe. Walifika Isfahan mwaka 1637, wakarudi 1639 bila faida ya biashara, na kiongozi mmoja wa msafara, Otto Brüggemann, akauawa kwa hukumu mwaka 1640 kwa aliyoyafanya safarini. Nyuma yao Shah Safi alituma wajumbe wake na zawadi, na mahameli zenye sura za watu zilizoko leo jumba la Rosenborg, Copenhagen, zinahusishwa na zawadi hizo. Katibu wa ujumbe wa Kiajemi, Haqverdi, alibaki Gottorp. Akakaa na Adam Olearius, aliyekuwa katibu wa msafara wa Wajerumani, na kwa msaada wake Olearius akatoa Gulistan, kitabu cha mshairi wa Kiajemi Saadi, kwa Kijerumani mwaka 1654. Biashara ya hariri haikufanikiwa hata kidogo, lakini kitambaa na ushairi vilifika pamoja, kwa watu walewale, nyumba ileile. Ningetaka kujua kama Haqverdi aliwahi kusimama mbele ya mahameli zile akamweleza Mjerumani: huyu mwanamke, anapoinama hivi, ubeti wake ni huu.

Kama huwezi kusafiri, Metropolitan wameruhusu tangu 2017 picha za kazi zao zisizo na hakimiliki zipakuliwe bure. Vuta picha mpaka uone uzi mmoja mmoja.

Kombo_Fundi

Nimezipakua. Dada, naona kitu kinaniuma. Kipande kimoja mtu amekatwa kichwa na mkono, mshono umepita hapo hapo. Kwa mahameli ya bei hiyo fundi angelinganisha picha. Na manyoya yana uelekeo, ukikata kipande kimoja kichwa chini rangi zinatofautiana juani.

Zari_na_Nili

Jicho la fundi. Kuna mambo mawili hapo. Nguo zenyewe wakati mwingine zilikatwa kwa kubana kitambaa kwa sababu ya bei yake, na vipande vikaungwa tena vikawa pazia, mito au mavazi ya makasisi huko Urusi. Kila mara mshono mpya. Halafu wafanyabiashara wa sanaa walikata vitambaa makusudi ili wauze kimoja kwa wanunuzi wengi. Hilo la pili sina msamaha nalo. Kitambaa ambacho maana yake yote iko katika kurudia, ukikikata ukabakiza mtu mmoja katika fremu, umebakiza neno moja la shairi.

Nguo nzima zipo chache. Stockholm, katika hifadhi ya mavazi ya kifalme, Livrustkammaren, kuna joho la mahameli ya Kiajemi ambalo Malkia Christina wa Sweden alipewa kama zawadi kutoka Urusi mwaka 1644. Nenda katazame picha zake kwa jicho lako la mkasi: mabega, makwapa, namna watu walivyokaa mbele na nyuma. Kisha rudi utuambie kama fundi yule alifuata manyoya.

Kombo_Fundi

Nipe mpaka Jumapili, nina sare za shule za kumaliza. Nitachora pateni yake kwenye karatasi niiweke hapa, tuhesabu alitumia kitambaa kiasi gani.